Karuhusiwa Hospitali, Nani Anampokea?

  Leo tuzungumze juu ya wagonjwa wa akili. Sina nia ya kufundisha namna ya kumpeleka mtu hospitali, maana hilo tunaliweza. Mtu akianza kuvunja vyombo, au akikesha usiku akibishana na sauti anazozisikia peke yake, au akikimbilia porini bila nguo, kijiji kizima huamka. Vijana wenye nguvu hupatikana. Kamba hupatikana. Bodaboda au mchomoko hupatikana, na mchango wa nauli unapitishwa nyumba kwa nyumba mpaka unatosha. Tatizo letu ni siku anaporudi. Siku hiyo kijiji kimelala.

Tuitazame safari yenyewe kwanza. Mtu wa Mugoma, huku kwetu Ngara, akiugua akili, huanzia zahanati, kisha Murgwanza au hospitali ya wilaya iliyoko Nyamiaga. Ikishindikana huko, atapewa rufaa kwenda Bukoba, au Bugando, Mwanza. Wale ambao hali imekuwa nzito zaidi huishia Mirembe, Dodoma, hospitali iliyojengwa na Waingereza miaka ya 1920 na ambayo leo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Sasa hesabu vituo vya njiani: Benaco, Nyakahura, Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Manyoni, ndipo uione Dodoma. Sisi tulio mpakani, hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, nje kidogo ya Kigali, iko karibu zaidi kuliko Mirembe yetu wenyewe. Mgonjwa akitibiwa mbali namna hiyo, akapata nafuu, akaandikiwa kurudi kliniki baada ya mwezi mmoja, jibu unalijua. Nauli ya kwanza ilikuwa ya mchango. Ya pili nani atachanga, na mgonjwa mwenyewe wanamwona ametulia, anasalimia watu, anakwenda kisimani?

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, na yanaharibika bila mtu yeyote kukusudia. Hospitali inamruhusu ikiamini kwamba familia imempokea. Familia inaamini kwamba bado yuko mikononi mwa hospitali, maana si ana karatasi yenye tarehe? Zahanati ya kijijini, iliyo jirani kuliko wote, haina habari kwamba alikwenda wala kwamba amerudi. Watatu hao kila mmoja anamwachia mwenzake, na mgonjwa yuko katikati hana mwenyewe.

Hoja yangu jioni hii ni moja tu. Mgonjwa wa akili anayetoka hospitali akabidhiwe kwa mtu mwenye jina, aliye karibu na nyumba yake, na mtu huyo ajulikane kabla mgonjwa hajapanda basi. Yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Kwa nini tuharakishe hivyo? Kwa sababu majuma ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 100 za nchi mbalimbali kuhusu watu waliotoka hospitali za magonjwa ya akili, wakaangalia ni wangapi walijiua baada ya kurudi makwao. Walikuta kwamba miezi mitatu ya kwanza inazidi vipindi vyote kwa ubaya: kiwango cha vifo hivyo kilikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani wa miaka yote waliyoichunguza. Uingereza wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Zamani hospitali zao za umma zilitakiwa kumfikia mgonjwa ndani ya siku 7 tangu atoke wodini. Wakaona siku 7 ni nyingi mno, wakashusha hadi saa 72. Sisi hapa saa 72 zinaweza kwisha mgonjwa bado hajapumzika uchovu wa basi.

Watu huuliza: imekuwaje mtu apate nafuu halafu ndipo ajiue? Fikiria anachokikuta. Wodini kulikuwa na saa ya chai, saa ya dawa, saa ya kulala, na wenzake wenye shida kama yake. Nyumbani anakuta deni la nauli. Maharage yamemezwa na magugu, na kahawa imeuzwa ikiwa bado mtini. Mke amechukuliwa na wazazi wake, au ikiwa mgonjwa ni mwanamke, mume ameshampeleka kwao na hajarudi kumchukua. Watoto wanamkwepa. Na akili yake, kwa kuwa sasa imetulia, ina nguvu ya kuyaona yote hayo na kukumbuka aliyoyafanya alipokuwa hajijui. Aibu ya namna hiyo inauma kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo, mama, baba, ukimsikia anasema yeye ni mzigo, anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, usimwambie aache maneno ya kipuuzi. Kaa naye, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua. Sumu za mifugo na za shambani zifungiwe, dawa zake azitunze mtu mwingine, na mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Najua wengine huficha kwa kuogopa polisi, kwa sababu sheria yetu ya makosa ya jinai bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Jirani zetu wa Kenya wamepiga hatua: Januari 2025 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba ya nchi yao. Kwetu mjadala haujafika huko, lakini woga wa sheria usikufanye umnyime mtoto wako tiba.

Sasa tuifungue ile bahasha ya dawa anayorudi nayo. Wengi wenu mnazifahamu: bahasha ndogo za karatasi ya khaki, juu zimeandikwa kwa kalamu ya wino, 1x3, 1x2, 1 usiku. Mfamasia akiandika 1x3 anamaanisha kidonge kimoja kutwa mara tatu. Nyumbani mwandiko umefutika kwa jasho la safari, na anayesoma ni mdogo wake wa darasa la tano. Bahasha moja mara nyingi ni ya haloperidoli, au klorpromazini, ambayo wazee wengi bado wanaiita Largactil. Hizo hutuliza sauti na hofu. Bahasha ya pili yaweza kuwa benziheksoli, vidonge vidogo ambavyo familia huviona havina kazi, kwa hiyo vikiisha hakuna anayevitafuta.

Hapo ndipo kituko hutokea. Haloperidoli, hasa siku za mwanzo au dozi inapoongezwa, kwa baadhi ya watu hukaza misuli ghafla. Shingo inapinda upande mmoja na kubaki hivyo. Macho yanageukia juu. Ulimi unajaa mdomoni, maneno hayatoki. Aliyeyaona mara ya kwanza hawezi kulala usiku ule, na si ajabu wazee wakasema, naam, waliomroga wamerudi kumalizia kazi. Dawa zinatupwa chooni na safari ya kwa mganga inaanza. Kumbe hayo ni maudhi ya dawa, yanajulikana tangu zamani, na ile benziheksoli iliyodharauliwa ndiyo tiba yake. Akifikishwa kituo cha afya akachomwa sindano inayofaa, mara nyingi shingo hunyooka kabla jua halijazama. Kosa ni kwamba hakuna aliyeiambia familia mapema.

Yapo maudhi mengine madogo madogo, yasiyotisha lakini yanayomchosha mtu: mikono kutetemeka, mate kumtoka, miguu kutotulia hata akikaa, usingizi mzito asubuhi. Klorpromazini huifanya ngozi iungue upesi juani, na hilo kwa mkulima wa Mugoma si jambo dogo. Avae kofia pana na shati la mikono mirefu, aende shambani asubuhi na jioni. Baadhi ya dawa hizi huongeza njaa. Kijana anakula sahani mbili za ugali, shemeji ananung'unika kwamba kazi hafanyi ila kula anajua. Shemeji, hiyo njaa ni ya dawa. Na pombe, iwe bia, rubisi au gongo, haichanganyikani na vidonge hivi. Humlaza kupita kiasi, na ugonjwa wenyewe huuchochea.

Maudhi yote haya yana dawa yake, na dawa ya kwanza ni kuzungumza na aliyeandika cheti. Dozi inaweza kupunguzwa, kidonge kinaweza kuhamishiwa usiku, dawa inaweza kubadilishwa. Ipo pia sindano ya kila mwezi, wengi wanaijua kwa jina la Modecate, inayomfaa mtu anayesahau vidonge au asiyetaka kuonekana akivimeza. Lakini ni sindano inayohitaji tarehe yake kufuatwa na mahali pa kuipata, na zahanati nyingi za vijijini hazina.

Hatari kubwa kupita zote huja kimya kimya, nayo ni siku anapojisikia amepona. Sauti zimenyamaza, usingizi umerudi, ameanza kucheka. Anajiuliza, na sisi tunamuuliza, vidonge hivi ni vya nini tena? Kule New York watafiti waliwafuatilia watu 104 waliopata ugonjwa wa skizofrenia au unaofanana nao kwa mara ya kwanza, wakatibiwa wakapata nafuu. Matokeo yalichapishwa 1999. Ndani ya miaka mitano, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wameugua tena walau mara moja, na aliyeacha dawa alikuwa na hatari ya kurudia hali ile karibu mara tano ya aliyeendelea nazo. Haina maana kwamba kila mtu atameza dawa maisha yake yote. Ina maana kwamba kuacha dawa ni uamuzi wa kufanywa na mtaalamu na mgonjwa wakiwa wamekaa pamoja, kwa kupunguza kidogo kidogo na kuangaliwa. Bahasha kuwa tupu huku nauli haipo, huo si uamuzi.

Msikilizaji, tuhame kwenye vidonge, tuingie ndani ya nyumba. Miaka ya 1950, daktari mmoja na watafiti wenzake wa London waliwafuatilia wanaume zaidi ya 200 waliotoka hospitali za akili. Walitarajia kwamba waliorudi kwa wazazi au wake zao wangeendelea vizuri kuliko waliokwenda kupanga chumba peke yao. Wakakuta kinyume. George Brown, mmoja wao, alitumia miaka mingi kutafuta sababu, naye akaikuta kwenye maneno: nyumba zenye lawama nyingi, ukali, na wasiwasi wa kumfuatafuata mgonjwa kila hatua ndizo zilizokuwa zikiwarudisha watu hospitali. Hakusema kwamba familia ndiyo inayoleta ugonjwa. Alichosema ni kwamba mtu aliyetoka kuugua akili ana ngozi nyembamba, na neno ambalo wewe ungelisahau jioni yeye linamfanya akeshe.

Tusidhani huo ni msiba wa Wazungu pekee, wala tusijidanganye kwamba Waafrika sote tuna huruma ya kuzaliwa nayo. Lakini kuna jambo la kujivunia, nalo limeandikwa. Mwamerika mmoja, Juli McGruder, alikwenda Zanzibar miaka ya 1990, akazifuatilia kwa karibu familia tatu zilizokuwa na wagonjwa wa namna hii, waliokuwa wakitibiwa katika hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Aliona watu waliolichukua tatizo kama mtihani kutoka kwa Mungu, uliokuja bila kosa la mtu. Siku mgonjwa akiwa mzima anapewa kazi na mazungumzo kama wengine. Siku akizidiwa wanamwacha apumzike, bila hotuba. Walitumia dawa za hospitali, na walitumia kombe pia, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. McGruder aliondoka akiamini kwamba utulivu ule ulikuwa sehemu ya tiba.

Nyumba ya Mugoma inaweza kuwa na utulivu huo. Usimsimange kwa fedha za matibabu. Usimsimulie aliyoyafanya siku ile akiwa hajijui, hata kwa kumchekesha. Usimwite kichaa hata kwa utani, wala usiwaachie watoto wamwite. Mpe kazi, lakini kwa kipimo: leo kupalilia mistari miwili, kesho mitatu. Kazi ni dawa ambayo nchi hii imeijua siku nyingi. Lutindi, kwenye milima ya Korogwe, kituo kilichoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani na kuanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, kilitumia shamba na karakana kama sehemu ya matibabu. Baada ya uhuru Tanzania ikajaribu vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo kule Dodoma na Vikuruti nje ya Dar es Salaam, ambako waliopata nafuu walilima na kujizoeza kuishi tena. Sisi hatuna haja ya kujenga kijiji. Tunacho tayari.

Kuhusu waganga na maombi, nitasema kidogo. Familia nyingi zitakwenda huko, na kugombana nao hakujamponyesha mtu. Ninachoomba kwa waganga, wachungaji, mapadre na masheikh ni mambo mawili: msimwambie mtu aache dawa za hospitali, na msimfunge mnyororo wala kumpiga wala kumshindisha njaa. Mengine ombeni, tena ombeni sana.

Sasa tufike kwenye kazi ya kijiji. Mtu ataniuliza: hayo ya kumfuata mgonjwa nyumbani, si mambo ya nchi tajiri? Nitamjibu kwa kifua kikuu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na daktari kutoka Chekoslovakia, Karel Styblo. Hawakuwa na mashine za ajabu. Walikuwa na darubini, dawa zisizokatika, rejista, na kanuni kwamba mgonjwa asimamiwe anapomeza dawa, na asipofika anatafutwa. Mfumo ule uliopimwa hapa kwetu, katika zahanati na hospitali zetu za wilaya, ndio Shirika la Afya Duniani lilioutangaza kwa dunia nzima katikati ya miaka ya 1990. Walimwengu walijifunza kwetu namna ya kumfuata mgonjwa hadi nyumbani.

Kisha yakaja matibabu ya virusi vya UKIMWI, na kliniki za CTC zikaendeleza njia hiyo hiyo. Kwenye kadi ya mgonjwa wa CTC pana nafasi ya jina la msaidizi wake wa matibabu, na nafasi ya jina la balozi wa nyumba kumi. Mtu wa dawa za kufubaza virusi asipofika tarehe yake, kuna anayepiga simu, na simu isipopokelewa kuna anayepanda bodaboda kumfuata. Katika kijiji hicho hicho, mgonjwa wa akili asipofika tarehe yake hakuna hata anayejua kwamba alikuwa na tarehe. Muuguzi ni yule yule, na njia ya kwenda kwao ni ile ile. Kilichokosekana ni jina lake kuandikwa mahali.

Tena hata kwa upande wa akili jambo hili limeshajaribiwa. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark kupitia DANIDA, huduma ya afya ya akili iliingizwa katika zahanati na vituo vya afya vya mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Watumishi wa kawaida walifundishwa kutambua na kutibu magonjwa makubwa ya akili na kifafa, na waliweza. Miaka ya karibuni, wataalamu wa chuo kikuu cha Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walijaribu Dar es Salaam na Mbeya mpango walioupa jina la Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA. Waliwaandikisha wagonjwa 66, kila mmoja na ndugu yake, na waliopangiwa kupata huduma hiyo wakakaa vikao vya pamoja, mgonjwa na ndugu chumba kimoja, wakijifunza ugonjwa, dawa, dalili za hatari na namna ya kusemezana.

Basi tuone ingekuwaje kwa Mugoma. Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 24 amelazwa Mwanza majuma matano. Siku tatu kabla ya kuruhusiwa, muuguzi wa wodi anampigia simu muuguzi wa zahanati ya kwao, anamsomea jina, dawa, dozi na tarehe. Muuguzi wa Mugoma anaandika kwenye daftari. Kijana anafika Jumanne usiku. Alhamisi muuguzi, au mhudumu wa afya wa kitongoji, anapita nyumbani kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nani anaumwa tena?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kumwona huyu kaka aliyetoka Bugando. Amelala vizuri?"

Maswali anayokuja nayo ni machache. Analala? Anakula? Dawa ameshameza ngapi leo, na zimebaki ngapi? Anahesabu vidonge kwenye bahasha, maana vidonge husema kweli kuliko watu. Anamwangalia shingo na mikono. Kisha anaomba kuzungumza na kijana peke yake, nje, chini ya mgomba, kwa sababu yapo ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya mama yake. Kabla ya kuondoka anawaachia namba moja ya simu, na anawatajia dalili zao wenyewe. Nasema zao wenyewe kwa sababu kila mgonjwa ana njia yake ya kuanza kuugua: mmoja huanza kwa kukosa usingizi siku tatu, mwingine huanza kufunga madirisha mchana, mwingine huanza kutoa hotuba za dini. Mama anaijua ya mwanawe. Ikianza, apige simu siku hiyo hiyo, na huenda kamba isihitajike tena.

Ziara hiyo inachukua nusu saa. Sipuuzi kwamba watumishi wa zahanati ni wachache na mzigo wao ni mkubwa. Lakini mgonjwa mmoja akizidiwa tena, huchukua siku nzima ya watumishi, ya mwenyekiti wa kitongoji, ya vijana wanne na ya polisi, na gari la wagonjwa likipatikana linakwenda naye, mama mjamzito analisubiri. Ziara ya nusu saa ni rahisi kuliko hayo. Isitoshe, mwaka 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wanapopangiwa majukumu yao, hili la waliotoka hospitali za akili liwe miongoni mwake.

Wapo watakaosema siri ya mgonjwa itavuja. Ni hofu ya haki, kijiji ni kidogo. Ndiyo maana nimesema mtu mmoja mwenye jina, si kamati. Daftari likae kabatini pamoja na rejista nyingine, na mgonjwa mwenyewe aulizwe ni nani angependa amtembelee. Mwenyekiti wa kitongoji hana haja ya kujua jina la ugonjwa. Anahitaji kujua tu nani wa kupigiwa simu ikitokea dharura.

Ukija upande wa fedha, mlango wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali au wa halmashauri. Mwone kabla mgonjwa wako hajaruhusiwa. Yeye ndiye anayeshughulikia misamaha ya wasioweza kulipa. Mlango wa pili hautumiki sana. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 zahanati na vituo vya afya hupokea sehemu ya fedha zao moja kwa moja kwenye akaunti zao, na matumizi hupangwa pamoja na kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo wanakijiji wenzako. Kamati hiyo ndiyo inayoweza kusema: mwaka huu katika mpango wetu tuweke haloperidoli, benziheksoli na sindano ya mwezi, ili mtu wetu asisafiri mpaka Ngara mjini kwa kidonge. Kama hakuna anayeomba, dawa hizo haziandikwi kwenye mpango, na mwisho wa mwaka utaambiwa hazina wahitaji.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Safari hii ukihudhuria, kikifika kipengele cha afya, simama uulize maswali matatu. La kwanza, katika zahanati yetu ni mtumishi yupi anayewapokea wanaotoka hospitali ya akili, atajwe jina na cheo. La pili, lipo daftari lao, na wasiofika tarehe zao wanafuatwa na nani. La tatu, dawa zao zimo katika mpango wa mwaka huu wa kituo, au hazimo. Omba maswali yako yaingie kwenye muhtasari pamoja na majibu yake, na mkutano unaofuata uanzie hapo.